Mshono Utakaa Wapi?

Kijana alikikataa kigoda.

Ilikuwa Alhamisi, alasiri imeshapita, na upepo wa kaskazi ulikuwa unachezea vitambaa nilivyotundika mlangoni. Aliingia na suruali mbili za kupunguza kiuno. Nikamsogezea kigoda kwa mguu kama ninavyomfanyia kila mteja, maana duka langu la ushonaji hapa Langoni, Lamu, ni dogo, mtu akisimama mimi sipati pa kupita. Akasema ahsante, amechoka kukaa, kutwa yuko kwenye boti za Mokowe. Nikampima. Nilipomaliza aliegemea mwimo wa mlango, uzito wote ameutua mguu mmoja, akaniuliza arudi lini.

Usiku niliigeuza suruali ya kwanza nje ndani ili nifumue. Nikaona doa.

Lilikuwa dogo, la kadiri ya sarafu ya shilingi, limefuliwa mara nyingi mpaka likabaki ukingo tu wa kahawia. Halikuwa pale mtu anapokalia. Lilikuwa juu kidogo, kiganja kimoja chini ya mkanda, katikati kabisa ya mshono.

Doa hilo nalijua. Nililificha miaka minne.

Jumapili alirudi. Nikampa suruali moja, nikamwambia ya pili bado, ingawa ilikuwa tayari. Nilitaka nipate siku nyingine ya kumwambia. Maneno yalikuwa yameshajipanga mdomoni, nikamrudishia chenji, nikanyamaza. Hii ni wiki ya tatu. Suruali ingali msumarini, na mimi kila nikiinua macho kutoka kwenye cherehani naiona.

Basi naandika yale niliyopaswa kumwambia.

## Kiota

Kwetu huku ugonjwa huu huitwa jipu. Ukirudi mara ya pili huitwa bawasiri, na hapo ndipo mtu anapoanza kupewa mizizi ya kuchemsha na ushauri wa kuacha pilipili. Si bawasiri. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba kwenye njia ya haja kubwa. Huu uko juu zaidi, pale mfereji wa makalio unapoanzia, karibu na kifandugu. Wala si nasuri, lile tundu la usaha linaloanzia kwenye utumbo, ijapokuwa Waarabu huuita nasuri ya nywele, jina ambalo mimi naliona la kweli kuliko yote niliyoambiwa. Ni tundu, na ndani yake mna nywele.

Daktari mmoja wa Boston, Hodges, aliupa mwaka 1880 jina la Kilatini linalotumika mpaka leo, pilonidal: maana yake ni kiota cha nywele.

Nilipolisikia nilikasirika. Nilidhani naambiwa mimi mchafu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba uchafu hauhusiki sana. Unywele uliokatika huanguka, wa mgongoni au hata wa kichwani, ukashuka na jasho mpaka kwenye mfereji. Pale pana joto na unyevu, na pande mbili za ngozi zinasuguana kila unapotembea, unapokaa, unapoinuka. Unywele ukitazamwa kwa darubini una magamba kama ya samaki, yote yameelekea upande mmoja. Ukishachoma ngozi na kuingia, kila msuguano unausukuma mbele na magamba yanauzuia kurudi. Mnaijua kishona-nguo inavyoshika pindo la kanzu ukipita shamba? Ni hivyo hivyo, ila hapa nguo ni mwili wako. Mwili nao ukiona kigeni kimeingia unapigana nacho, ukajaza usaha.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini mtu huzaliwa nao. Kilichowatikisa, zaidi ya kitu chochote, ni mikono ya vinyozi. Miaka ya 1940 huko London, madaktari Patey na Scarff walieleza habari ya kinyozi aliyekuwa na tundu la namna hiyo hiyo katikati ya vidole vya mkono. Kati ya vidole hapaoti nywele. Zilizokuwa mle ndani ni za wateja wake.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nikipita kwa kinyozi wangu. Mtu anaugua kwa nywele za watu wengine, kwa sababu tu ya kazi ya mikono yake. Hapo aibu inaingia wapi?

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa Marekani karibu 80,000 walilazwa hospitali kwa ugonjwa huu, hata ukaitwa ugonjwa wa jeep, kwa kuwa wengi walikuwa vijana waliokuwa wakirushwarushwa juu ya viti vya magari hayo. Kukaa peke yake hakuleti ugonjwa. Lakini mimi hukaa kwenye cherehani saa kumi kwa siku, na kijana wangu anakaa juu ya ubao wa boti unaompiga kila wimbi.

## Ijumaa

Nilikuwa na miaka 22. Niliswali Ijumaa kwa kanzu nyeupe niliyoishona mwenyewe, na tulipotoka, mzee mmoja aliyekuwa safu ya nyuma yangu akanishika mkono akanivuta kando ya ukuta. Akanivulia kikoi alichokuwa amekitupa begani. "Jifunge hiki, baba," akasema. Hakusema lingine. Nikajifunga, nikaenda nyumbani kwa vichochoro.

Wiki tatu sikurudi msikitini.

Sikuogopa watu tu. Niliamini swala zangu haziswihi. Kidonda kilikuwa kinavuja mchana na usiku, na mimi nilijiona mtu asiye na twahara. Mwishowe nilimwendea maalim wangu wa chuoni, yule aliyenifundisha juzuu, nikamweleza nikiwa nimeinama natazama mkeka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kwa madhehebu yetu ya Shafi usaha wa kidonda hautengui udhu, na unaotoka kwenye kidonda chako mwenyewe umesamehewa. "Osha, funga, uswali. Kisha nenda ukatibiwe, mwili huo ni amana."

Niliinuka pale mkekani nikiwa mwepesi. Miezi yote ile nilikuwa nimeikimbia hospitali kwa sababu ambayo dini haikuniwekea.

## Katikati

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshameza dawa za duka la dawa mara mbili. Nieleze hili wazi, kwa sababu wengi wanakwama hapa: jipu lililokwisha kujaa usaha halimalizwi na antibiotiki. Linahitaji kupasuliwa usaha utoke, na daktari anayejua hulipasua kando ya mstari wa katikati, siyo juu yake. Ukiwa na homa na uvimbe unaokuzuia hata kulala, hiyo ni safari ya siku ile ile, usingoje kupambazuke. Nami nilipasuliwa, na usiku ule nililala kwa mara ya kwanza baada ya siku nne.

Kuna watu hupasuliwa mara hiyo moja, tundu likafunga, wakasahau. Mimi lilirudi baada ya miezi mitano.

Hospitali niliyokwenda sitaitaja. Nilimkuta daktari mwenye haraka. Aliniambia kiota kitakatwa chote kisha nitashonwa, na mimi nikaitikia. Nikatia saini. Sikuuliza swali hata moja, na nilikuwa mtu mzima ninayejua kusoma na kuandika. Kuuliza kungemaanisha kurefusha mazungumzo juu ya sehemu ile, na nilitaka mazungumzo yaishe.

Nilishonwa katikati, mstari ulionyooka kwenye mfereji.

Siku ya 12 chaki iliniponyoka. Niliinama kuiokota, nikasikia kitu kikiachia.

Kilichofuata ni miezi minne ya kidonda kilichoachwa wazi ili kipone kutoka chini kuja juu. Njia hiyo si ya kipumbavu. Kidonda kilichoachwa wazi mara nyingi hakirudii ugonjwa kama kile kilichoshonwa katikati. Ila inadai subira ambayo hakuna aliyekuwa ameniambia niiandae. Kila siku kidonda kioshwe, kitiwe shashi safi, na mahali penyewe mtu hawezi kujiona wala kujifikia. Sista wa zahanati alinisaidia wiki ya kwanza. Baada ya hapo mamangu akasema inatosha.

"Ndoo ulale hapa," akaniambia, ameshatandika shuka safi. Nikasema nitatafuta rafiki. Akakasirika. "Rafiki gani? Mimi ndiye niliyekuosha kabla hujajua jina lako."

Alikuwa ananiosha kwa maji ya chumvi yaliyopoa, taa ya simu ameishika kwa meno, mikono miwili ikifanya kazi. Kila siku alinitajia kimo cha kidonda kwa kidole chake: leo pingili moja, leo nusu. Siku aliyosema "leo ncha tu ya ukucha" sauti yake ilikatika.

Mwaka mmoja baadaye doa likarudi.

## Suruali hupasuka wapi

Niliazimia kutokwenda popote tena. Hapo sijivuni; ndivyo nilivyokuwa. Kama kukatwa hakusaidii, nitaishi na kitambaa kiunoni.

Msimu wa harusi wateja huleta suruali za mwaka jana. Juma lile nilikuwa nimerekebisha suruali tatu, zote zimepasuka pale pale, mshono wa katikati nyuma. Mshono ule kila fundi anaujua. Mtu akiinama unavutwa kushoto na kulia kwa pamoja, na uzi hauna pa kupumzika. Tunaushona mara mbili, na bado unaachia. Nilikuwa na ya tatu mkononi, sindano imeingia nusu, nikasimama.

Nami walinishona pale pale.

Sikulala. Wiki iliyofuata nilivuka kwenda Mokowe nikapanda basi la Malindi, nikasimama njia karibu yote, Witu, Garsen, mpaka tunalivuka daraja la Sabaki, mama mmoja wa Kipokomo akinisihi nichukue kiti chake akidhani sikupata. Kule nilimwona daktari wa upasuaji niliyeelekezwa na jamaa. Safari hii nilikuwa na swali langu, na nililiuliza kabla hajavaa glavu.

"Daktari, mshono utakaa wapi?"

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza nani kanifundisha swali hilo. Nikamwambia suruali.

Alinieleza kwa muda mrefu, na mimi nikasoma zaidi nilipopata nafasi. Mgiriki mmoja, Karydakis, daktari wa jeshi huko Athens, alisema ugonjwa huu unahitaji vitu vitatu: unywele uliolegea, nguvu ya kuusukuma, na ngozi iliyo dhaifu ya kuupokea. Kovu lililolala ndani ya mfereji, lenye jasho na lisilopata hewa, ndiyo ngozi dhaifu kuliko zote. Kwa hiyo yeye alikata kiota kwa umbo la yai lililosogezwa upande mmoja, akalivuta pande la nyama na ngozi, akashona pembeni, nje ya mfereji. Tena mfereji wenyewe ukawa umepungua kina. Alitoa habari za wagonjwa zaidi ya 6,000, na waliorudiwa walikuwa karibu mmoja tu kwa mia. Daktari Bascom wa Oregon, Marekani, alikuja na upasuaji wake wenye nia ile ile, kuuinua mfereji uwe bapa, mshono ukae kando.

Yuko pia Limberg, Mrusi, ambaye njia yake niliielewa kabla daktari hajamaliza kuichora. Tundu linakatwa pembe nne, kisha kipande cha ngozi chenye umbo lile lile kinazungushwa kutoka pembeni kuja kuziba. Ni kikwapa. Ni kile kipande tunachotia chini ya mkono wa kanzu ili isibane. Kovu lake ni kubwa na si zuri kutazama, lakini linakaa.

Madaktari waliopima tafiti nyingi kwa pamoja wamefikia hapo: ikiwa utashonwa, ushonwe nje ya katikati. Sikujua mtu anaweza kulia kwa ajili ya sentensi kama hiyo.

## Kidogo kwanza

Lakini hapa ndipo penye shaka yangu, na ndipo ninapomfikiria kijana wa boti.

Kwangu mimi mwaka ule upasuaji mkubwa ulifaa, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umerudi na kovu la zamani limeharibika. Kwa anayeanza, mwenye kishimo kimoja au viwili na doa la hapa na pale, inawezekana hahitaji kukatwa hivyo hata kidogo. Bascom huyo huyo, mwaka 1980, alionyesha kwamba chanzo ni vile vishimo vidogo vya katikati. Unavitoa kimoja kimoja, kila kimoja kipande cha punje ya mchele, na kiota kinasafishwa kupitia mpasuo mdogo wa pembeni. Hufanywa kwa ganzi, na mtu hurudi nyumbani siku ile ile. Huko Israeli, daktari Gips na wenzake walitumia vikata-duara vidogo kwa watu 1,358. Baada ya miaka 10 waliorudiwa walikuwa karibu 16 kwa mia. Ni wengi kuliko wa Karydakis. Ila kwa kijana anayelipwa kwa siku, kukosa kazi siku chache na kukosa kazi mwezi mzima ni mambo mawili mbalimbali, na wale 84 wengine hawakuhitaji zaidi.

Hakuna aliyenieleza hivyo nilipokuwa na miaka 22. Pengine tundu langu lingekwisha kwa punje mbili za mchele. Swali hilo hunijia usiku, nami sijapata njia ya kulifukuza.

Na kuna ambao hawahitaji kisu kabisa, angalau kwa sasa. Mwenye kishimo kisichouma wala kutoa kitu huweza kuangaliwa tu, pakaoshwa, pakakaushwa, nywele zikaondolewa. Namna ya kuziondoa nayo ina maneno. Wembe niliutumia mwaka mzima nikidhani najilinda, na utafiti wa Ujerumani wa 2009 uliona waliokuwa wakinyoa kwa wembe baada ya upasuaji walirudiwa zaidi kuliko wasionyoa. Leza ni habari nyingine. Marekani waliwafuatilia vijana 302 wa miaka 11 hadi 21: waliopigwa leza pamoja na matunzo ya kawaida walirudiwa 10 kwa mia ndani ya mwaka, na waliopata matunzo ya kawaida peke yake, 34 kwa mia.

Mimi nilichagua kushonwa pembeni, kwa njia ya Karydakis. Nililala kwa tumbo na kwa ubavu, mrija mdogo ukitoa maji ya kidonda kwa siku kadhaa, na sikukaa kwenye cherehani mpaka wiki ya tano. Kando ya kovu pamebaki ganzi kidogo. Nikigusa ni kama nagusa kupitia kitambaa. Huu ni mwaka wa tatu. Kila mwezi mama hunitazama kwa taa ile ile, na kila mwezi husema, "Pakavu."

## Msumarini

Nimeandika kana kwamba ugonjwa ni wa wanaume. Wanaume ni wengi zaidi, hasa kati ya balehe na miaka 40, lakini wasichana wanaupata, na nikikumbuka mimi nilivyojificha na kanzu yangu sithubutu kuwaza binti anauficha vipi. Dada yangu mmoja aliponisikia naeleza haya alinyamaza, kisha akanitajia jina la rafiki yake wa shule. Alidhani wakati ule ni uvivu, kwamba hapendi kukaa darasani.

Jana nilichukua karatasi ya kukatia ruwaza nikamchorea kijana mstari wa katikati, nikaupiga mkasi kwa kalamu nyekundu, na pembeni yake mstari mwingine uliopinda. Chini nikaandika jina la mji na siku daktari anapokuwepo. Nikaongeza kwamba kama ni vishimo tu, aanze kwa kuulizia upasuaji mdogo, na kwamba nauli ya Malindi tutasaidiana. Nikaikunja mara nne, nikaitia mfuko wa nyuma wa suruali yake.

Usiku nikaamka nikaitoa.

Karatasi anaweza kuifua pamoja na suruali bila kuiona. Anaweza kuisoma akadhani namcheka. Asubuhi baada ya alfajiri boti za kwanza hujaa watu wa kazi, na yeye huwa anafunga kamba jetini kabla injini haijawashwa. Suruali nimeikunja, iko juu ya cherehani. Nitakwenda nayo mwenyewe, nimwombe tusogee kando ya ukuta.